Jimbo Likifa, Ahadi Zake Anazirithi Nani?

Haya wadau, nimerudi kutoka nyumbani. Siku tano tu, lakini nimekula ugali wa kutosha na nimesikia stori za kutosha. Kwa wale wageni, kwetu ni Ruanda. Hapana, siyo ile ya Kigali, sikuhitaji pasipoti! Wala siyo ile kata ya Ruanda iliyoko Jiji la Mbeya. Ni Ruanda ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Tumeshazoea kujieleza. Ukizaliwa kwetu unajifunza mapema kwamba jina la mahali linaweza kukuchanganya wewe na anayekuuliza.

Na safari hii jina ndilo lililonitoa jasho. Jioni moja nimekaa na babu kibarazani, akaanza kulalamikia mambo ya barabara na maji, akamalizia, “Ndiyo maana mbunge wetu wa Mbozi Mashariki inabidi tumwite aje atueleze.”

Nikamwambia, “Babu, hakuna mbunge wa Mbozi Mashariki. Hilo jimbo halipo tangu 2015.”

Akanitazama, halafu akacheka. “Mke wangu wewe, halipo? Lilikufa kwa ugonjwa gani? Mbona sikuitwa matangani?”

Nikacheka na mimi. Lakini usiku sikulala vizuri. Maana mzee ameuliza swali ambalo mimi, mwandishi wa habari mwenye kitambulisho shingoni, sijawahi kujiuliza. Jimbo likifa, nani hutangaza msiba? Na mali ya marehemu, yaani ahadi, michango na miradi iliyoishia njiani, anairithi nani?

Tuanze na historia kidogo, vijana wengi hawaijui. Wilaya ya Mbozi ya zamani ilikuwa kubwa kwelikweli. Ilianzia huku kwetu upande wa Mbeya, ikapita Mlowo na Vwawa, ikafika Tunduma mpakani na Zambia, halafu ikateremka bonde la Momba hadi Kamsamba na nyanda za Ziwa Rukwa. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta na watu zaidi ya 500,000. Wilaya yote hiyo ilikuwa na majimbo mawili tu ya uchaguzi, Mbozi Mashariki na Mbozi Magharibi. Sisi wa Ruanda tulikuwa Mashariki, kwenye kahawa na mahindi. Magharibi ndiko kulikokuwa na Tunduma, malori na joto la bondeni.

Uchaguzi wa 2005 majimbo yote mawili yalikwenda CCM. Mashariki alipita Godfrey Zambi, Magharibi akapita Dk. Luka Siyame. Mwaka 2010 Zambi akarudi bungeni, lakini Magharibi mambo yakageuka, kijana David Silinde wa CHADEMA akalichukua jimbo. Mwaka 2012 ikazaliwa wilaya mpya ya Momba. Ulipofika uchaguzi wa 2015, yale majimbo mawili yakawa manne. Mashariki ikazaa Vwawa na Mbozi, Magharibi ikazaa Tunduma na Momba. Japhet Hasunga wa CCM akapita Vwawa. Matatu yaliyobaki yakaenda CHADEMA kwa Pascal Haonga (Mbozi), Frank Mwakajoka (Tunduma) na Silinde tena (Momba). Mwaka 2016 tukamegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa. Mwaka 2020 majimbo yote manne yakatangazwa kuwa ya CCM.

Sasa hebu mfuatilie Silinde peke yake. Mwaka 2010 ni mbunge wa Mbozi Magharibi. Mwaka 2015 ni mbunge wa Momba. Mwaka 2020, akiwa ameshahamia CCM, ni mbunge wa Tunduma. Majimbo matatu kwa mtu mmoja ndani ya miaka kumi, na yote yamo ndani ya mipaka ya lile jimbo la kwanza! Mtu wa Nairobi akisoma orodha hiyo atadhani jamaa ni mhamaji. Kumbe aliyekuwa akihama siyo mtu peke yake, ni jina la jimbo chini ya miguu yake.

Upande wetu kuna mtego mwingine. Jina “Mbozi” lilibaki, lakini lilibaki kwa nusu. Leo wilaya ni Mbozi, na ndani yake kuna jimbo la Mbozi na jimbo la Vwawa. Ukisikia “mbunge wa Mbozi” usidhani ni wa wilaya nzima, maana hata Vwawa yenyewe, makao makuu ya wilaya na mkoa, iko kwenye jimbo lenye jina lake. Na ukisikia “Songwe” ndiyo kabisa uulize vizuri. Kuna mto Songwe, kuna mkoa, kuna wilaya, na kuna jimbo la Songwe ambalo lilikuwepo Chunya hata kabla mkoa haujazaliwa. Halafu kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao uko mkoa wa Mbeya. Kaazi kweli kweli!

Mtu ataniambia, dada, hayo ni majina tu, maisha yanaendelea. Hapo ndipo tunapopishana.

Asubuhi iliyofuata babu alinitolea kaunta buku yake. Imechakaa, jalada limeshikiliwa na uzi. Ndani ameandika kwa mkono wake michango ya kijiji: nani alitoa tofali ngapi, nani alileta mawe, nani alikuja siku ya kuchimba msingi na nani alituma mtoto. Pembeni ameandika ahadi za wagombea, wa vyama vyote, waliopita wakiomba kura. Mwingine bati, mwingine saruji, mwingine “nitaangalia”. Kila ahadi ina tarehe, na juu ya kurasa zile za zamani kaandika kwa herufi kubwa, MBOZI MASHARIKI.

Nikamuuliza, “Babu, hizi utamdai nani?” Akasema, “Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma.”

Nilishika mambo mikononi mwangu kama mwandishi. Nikaenda ofisi moja ya umma, siitaji, nikaomba kumbukumbu za miradi ya jimbo la zamani. Nikajibiwa kwa upole kabisa, “Jimbo hilo halipo, dada.” Nikasema najua halipo, ndiyo maana nauliza kumbukumbu. Akarudia, “Halipo.” Duh! Mtu akifa, cheti chake cha kuzaliwa hakifutiki. Jimbo letu lilikuwa na wabunge, lilikuwa na kura, lilitajwa bungeni mara nyingi na Hansard zipo. Lakini ukilitafuta chini, kwenye kata, hakuna anayekuonyesha kaburi lake.

Tuwe wakweli pia. Sisemi majimbo yasigawanywe. Katiba yetu ibara ya 75 inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuchunguza mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Na sisi tulifaidika. Ilikuwaje mtu wa Kamsamba na mfanyabiashara wa mpakani Tunduma wawe na mbunge mmoja? Sensa ya 2022 imeikuta Tunduma na watu zaidi ya 200,000, ni mji unaokua kwa kasi, una matatizo yake ya malori na ushuru, hauwezi kusemewa kwa sentensi moja na kijiji cha bondeni. Kugawanya kulikuwa na mantiki. Na majina ya Mashariki na Magharibi nayo hayakuwa na utamu wowote, yalikuwa majina ya ramani. Momba angalau ni mto wetu.

Tena tushukuru tulipata mapema. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 Tume iliongeza majimbo nane, yakafika 272 kutoka 264, na vigezo vyake vilikuwa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Mbeya wakapata Uyole. Songwe hatukupata jipya. Wilaya nzima ya Mbozi ina watu wapatao nusu milioni na tayari ina majimbo mawili. Kwa kipimo hicho leo tusingegawanywa.

Lakini angalia, hili siyo la Mbozi peke yake. Mwaka huo huo wa 2025 jimbo la Buyungu likageuzwa jina kuwa Kakonko, Nkenge ikawa Missenyi, Manyoni Magharibi ikawa Itigi. Sababu zipo na zinaeleweka, jina la jimbo lifanane na la wilaya au mji. Sawa. Ila mjukuu wa mtu wa Buyungu akija kutafuta mwaka 2040 babu yake alimpigia nani kura, atajibiwa nini? “Halipo, kaka.”

Kwangu mimi hapa kuna jambo kubwa kuliko majina, nalo ni kuwajibika. Kila baada ya miaka mitano tunaambiwa tuwapime viongozi kwa waliyoahidi. Nitapimaje kama kipimo kinabadilishwa katikati ya mchezo? Ukitaka kulinganisha kura za kwetu za 2010 na za 2015 huwezi kuweka namba mbili pembeni kwa pembeni, maana jimbo lililopiga kura siyo lile lile. Ukimuuliza mbunge mpya habari ya ahadi ya zamani, ana haki ya kukwambia, “Mimi jimbo langu limeanza 2015.” Hadanganyi! Wa zamani naye akisema, “Mimi jimbo langu limekwisha,” naye hadanganyi. Wote wakweli, na wewe umebaki na tofali zako.

Na fedha je? Tangu sheria ya mwaka 2009 kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Maana yake jimbo siyo mstari wa ramani tu, ni mfuko. Mfuko ukigawanywa, mwananchi wa kata anastahili kujua mradi upi ulikuwa umeanza, umefika wapi, na upande gani utaumalizia.

Basi napendekeza mambo matatu, hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikitangaza jimbo jipya itangaze na ukoo wake. Limetoka jimbo gani, kata zipi zimekwenda wapi, na matokeo ya kata hizo uchaguzi uliopita yalikuwaje. Karatasi moja tu, ibandikwe ofisi ya kata.

Pili, halmashauri ifanye makabidhiano ya jimbo hadharani, kama watu wanavyokabidhiana ofisi. Mbunge anayeondoka na anayeingia wakae mbele ya wananchi, isomwe orodha ya miradi ya mfuko, kata kwa kata. Kama wamegombana, wapatane siku hiyo moja.

Tatu ni sisi wenyewe. Tuandike. Shule zetu za sekondari zina wanafunzi wanaosoma uraia na historia, wapewe kazi ya kwenda kwa wazee na madaftari. Wale wazee ndio makumbusho yetu ya kumbukumbu, na wanaondoka mmoja mmoja. Mbozi tunajulikana duniani kwa Kimondo pale Ndolezi, jiwe la tani nyingi lililotoka angani, na watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha. Vizuri. Lakini tumetunza kilichoanguka kutoka juu kuliko tulichojenga wenyewe hapa chini.

Siku ya kuondoka nilimwomba babu kaunta buku niipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Akakubali, lakini akaweka sharti. Akachukua kalamu, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza, “Haya, sasa hivi tunaitwaje?” Nikamwambia. Akaandika jina jipya juu kwa herufi kubwa, halafu chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: “zamani Mbozi Mashariki, deni linaendelea.”

Maneno matano hayo ndiyo sheria ninayoitaka. Naomba kuwasilisha.