Video Iliyomo Nyumbani Haihitaji Bando

Kuna imani iliyokita mizizi Karatu mjini, ikapanda mlima hadi Endulen na Nainokanoka: kwamba video iliyomo kwenye kompyuta haiwezi kuonekana kwenye televisheni mpaka mwenye nyumba awe na TV janja, na kwamba TV janja nayo haifai kitu bila bando. Imani hiyo ni ya uongo. Inawala watu pesa walizozitolea jasho, na baya zaidi, inazifungia video zao wenyewe ndani ya kompyuta mpaka siku diski inapokufa nazo.

Karatu haina uhaba wa video. Mji unaishi kwa watalii wanaopita kuelekea lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na madereva wanaowaongoza wamejaza diski kwa yale waliyoyarekodi wenyewe au waliyoachiwa na wageni: simba waliolala kando ya barabara ya Seneto, tembo wa msitu wa Lerai, nyumbu wakizaa Ndutu mwezi wa pili. Faru Fausta alipokufa kwenye kreta ya Ngorongoro tarehe 27 Desemba 2019, akiwa na miaka 57, habari zake zilizunguka dunia nzima. Dereva aliyewahi kumrekodi akiwa hai ana kitu ambacho hakuna kituo cha televisheni kinachoweza kukipiga upya. Humo humo kwenye kompyuta zimo harusi za Rhotia, vipaimara vya Oldeani, kwaya za kanisani, na bibi akisimulia kwa Kiiraqw mbele ya wajukuu.

Zamani wa kurekodi walitoka nje. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege yao kutoka Ujerumani. Michael akafa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959 wakiwa bado kazini, akazikwa ukingoni mwa kreta, na filamu yao ya Serengeti ikapata Oscar mwaka 1960. Leo kamera iko mfukoni mwa mwenyeji. Kurekodi hakumshindi tena. Kinachomshinda ni hatua tatu kati ya meza ya kompyuta na televisheni iliyo ukutani, na hapo ndipo anapodanganywa.

Anayeuliza dukani namna ya kuirusha video ya kompyuta kwenye TV huonyeshwa TV mpya kabla hajaulizwa ile ya nyumbani ina matundu gani nyuma. Akisema hana pesa ya TV, anaonyeshwa boksi la Android. Akiuliza kama boksi litafanya kazi, anaambiwa litafanya, ila ajiandae kwa bando la mwezi. Kila jibu linamsogeza kwenye gharama nyingine, na hakuna hata moja linalogusa alichouliza. Alitaka faili iliyo mita tatu kutoka kwenye kioo ionekane kwenye kioo hicho. Hakuomba kuunganishwa na dunia.

Mzizi wa uongo huu ni kuchanganya intaneti na mtandao wa ndani. Waifai ni redio inayobeba data kutoka kifaa kimoja hadi kingine kilicho karibu. Intaneti ni huduma inayoletwa na kampuni ya simu kupitia mnara. Kompyuta na TV zikiwa kwenye waifai moja, video hutoka kwenye diski, hupita kwenye redio hiyo na kufika kwenye kioo bila kuufikia mnara wowote. Maji yaliyokwishaingia kwenye pipa la nyumbani hayapiti tena kwenye mita yakichotwa kwa kata.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Filamu ya saa mbili yenye ukubwa wa GB 2 inahitaji kama megabiti 2.2 kwa sekunde ili ichezwe bila kukwama. Waifai ya kawaida ya simu ya bei nafuu hubeba mara kadhaa ya kiasi hicho ndani ya chumba kimoja. Ikivutwa kutoka mtandaoni, filamu hiyo itakula GB 2 za bando. Ikitoka kwenye kompyuta iliyo kando ya kochi, itakula sifuri. Simu nyingi za Android zinaweza kuwasha hotspoti huku data imezimwa kabisa. Kompyuta inaunganishwa na hotspoti hiyo, TV nayo, kama ina waifai, inaunganishwa, na nyumba imeshapata mtandao wake. Mtu wa Endulen ambaye mtandao wake wa simu unakuja na kuondoka na upepo anaweza kufanya hivyo sawa na mtu wa Masaki, Dar es Salaam.

Lakini hata waifai isiwe jambo la kwanza kufikiriwa. Jambo la kwanza ni kuigeuza TV na kutazama mgongoni.

TV bapa nyingi zilizouzwa nchini tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, zina tundu la HDMI, hata zile ndogo za inchi 19 zinazoendeshwa na sola. Kampuni kama Mobisol ziliingia Arusha na mifumo ya jua iliyoambatana na TV za volti 12, na nyingi ya TV hizo hazina ujanja wowote ndani yake. Hazihitaji. Tundu la HDMI linapokea picha na sauti kwa pamoja kutoka kompyuta yoyote yenye tundu kama hilo, na kompyuta mpakato nyingi za muongo uliopita zinalo. Waya wa mita moja na nusu haufikii bei ya kilo mbili za nyama. Ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, na ndicho wauzaji wanachokitaja mwisho, kikitajwa kabisa.

Wengine wamejaribu waya huo wakakata tamaa kwa mambo mawili madogo. La kwanza, picha haikutokea kwa sababu rimoti haikutumika kuchagua chanzo. TV ilibaki inasubiri king'amuzi. La pili, picha ilitokea lakini sauti ikaendelea kutoka kwenye kompyuta. Kwenye Windows, kitufe cha nembo pamoja na herufi P huchagua picha ionekane wapi, na kubonyeza alama ya spika pembeni mwa kioo huruhusu kuchagua sauti itokee wapi. Ni dakika moja ya kazi, na kwa kukosa dakika hiyo watu wamekwenda kuchukua TV mpya kwa mkopo.

Mwenye TV ya chogo naye hajaachwa. Yale matundu matatu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano, yaani ya AV, yanaweza kupokea video ya kompyuta kupitia kigeuzi kidogo chenye ukubwa wa kiberiti. Hapa pana mtego unaostahili kutajwa wazi. Vigeuzi hivyo viko vya aina mbili zinazofanana kwa umbo na rangi: kimoja hugeuza HDMI kuwa AV, kingine hugeuza AV kuwa HDMI. Maandishi madogo juu ya kava ndiyo pekee yanayovitofautisha, na cha upande mmoja hakifanyi kazi ya upande wa pili hata kikilazimishwa. Anayetoka kwenye kompyuta kwenda kwenye chogo anahitaji kile kilichoandikwa HDMI2AV. Picha itashuka ubora na herufi ndogo hazitasomeka, lakini harusi itaonekana na wimbo utasikika.

Flashi ndiyo njia ambayo Karatu inaijua zaidi, kwa sababu vibanda vya kuingizia filamu na miziki vimeifundisha kizazi kizima. Ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba inaposhindwa, lawama huenda mahali pasipo. Mpiga video wa harusi anayekabidhi kazi ya saa mbili kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde anakabidhi faili ya GB 9. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64. Kompyuta inasema faili ni kubwa mno, mteja anasema flashi ni feki, na muuzaji anamuuzia nyingine iliyo vile vile. Kinachotakiwa ni kuipanga upya flashi hiyo kwa mfumo wa NTFS au exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, na kuangalia TV inasoma upi kati ya hiyo miwili.

Kuna pia video ambayo TV inakataa, au inaonyesha picha bila sauti. Mara nyingi picha imebanwa kwa mtindo wa H.265, uliokuja mwaka 2013 na ambao TV nyingi za bei ya chini haziujui, au sauti imehifadhiwa kwa DTS ambayo mtengenezaji wa TV hakuilipia leseni. Flashi haina kosa, wala TV haijaharibika. Video hiyo hiyo ikichezwa na programu ya VLC kwenye kompyuta na kuletwa kwa waya wa HDMI, itaonekana na kusikika, kwa sababu kazi ya kuifungua inafanywa na kompyuta na TV inabaki kuwa kioo tu. VLC ni ya bure. Ilianzishwa na wanafunzi wa Paris mwaka 1996 na inacheza karibu kila kinachorekodiwa.

Je, wapo wanaohitaji kifaa kisicho na waya? Wapo. Nyumba ya kulala wageni inayotaka mgeni aonyeshe picha zake sebuleni bila kuburuta waya ina haja halali. Lakini hata hapo jina maarufu si lazima liwe jibu. Chromecast ilipotoka Julai 2013 kwa dola 35 ilisifiwa kama mkombozi wa wasio na uwezo, na huko Marekani ilikuwa hivyo kweli. Kwa kijiji kisicho na intaneti ya uhakika haifai, kwa sababu inahitaji intaneti wakati wa kuiandaa, na hata baadaye huvuta programu ya kupokelea video kutoka mtandaoni. Machi 2025 watu wengi waliona maana ya utegemezi huo: cheti cha usalama cha Chromecast za kizazi cha pili kiliisha muda wake, na kwa siku kadhaa vifaa vizima visivyo na kasoro vikakataa kurusha chochote mpaka Google ilipotuma rekebisho. Waya wa HDMI hauna cheti cha kuisha.

Anayetaka kurusha bila waya wala intaneti atafute kifaa au TV inayopokea Miracast, mfumo uliozinduliwa mwaka 2012 ambao hauhitaji hata hotspoti. Kompyuta ya Windows yenye kadi ya waifai inayoukubali huunganishwa nao kwa kitufe cha nembo na herufi K. Asitegemee video nzito ya kamera za kisasa zinazorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde ipite hapo bila kukwama. Hiyo iletwe kwa waya.

Kuhusu maboksi ya Android yasiyo na jina, ukali unahitajika. Januari 2023 mtaalamu Daniel Milisic alieleza hadharani kwamba boksi la T95 alilolinunua mtandaoni lilikuwa na programu hasidi tangu kiwandani. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo kuhusu mtandao wa BADBOX 2.0 ulioteka vifaa vya aina hiyo, na mwezi uliofuata Google ilipofungua kesi ilitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Boksi lililotekwa hutumia intaneti ya mwenye nyumba kwa kazi za wahalifu. Familia ya Mang'ola iliyouza vitunguu ikanunua boksi ili ione video zake yenyewe inaweza kujikuta inalipia bando linalotafunwa na watu isiowajua. Boksi lisilo na kibali cha Google, linaloahidi chaneli zote za dunia bure, lisiingie ndani hata kwa zawadi.

Boksi bora kwa nyumba nyingi za Karatu limeshanunuliwa zamani. Ni ile kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka kioo na kutupwa juu ya kabati, ambayo fundi alisema kioo chake ni ghali kuliko yenyewe. Ikiunganishwa na TV kwa HDMI, kioo kilichopasuka hakina kazi tena. Ikiwekewa VLC au programu nyingine ya kuchezea video iitwayo Kodi, ikapewa diski ya nje na kipanya kisicho na waya cha kushika mtu akiwa amekaa kwenye kochi, inacheza kila kitu ambacho TV ya gharama kubwa ingekitaka kipitie kwenye programu zake. Programu hizo nazo huzeeka kabla ya kioo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, zilizokuwa bado zinang'aa ukutani kwa wenyewe.

TV janja si kitu kibaya. Anayetazama YouTube kila jioni na ana intaneti ya kudumu, ainunue na aifurahie. Anayestahili kukemewa ni anayemuuzia TV hiyo mtu aliyekuja na swali la waya.

Kwa hiyo mnunuzi wa Karatu asiingie dukani mikono mitupu. Apige picha ya mgongo wa TV yake kwa simu, herufi za matundu zisomeke. Abebe flashi yenye video yake nzito kuliko zote, ile ya harusi au ya kreta, na ikiwezekana kompyuta yenyewe. Amtake muuzaji acheze video hiyo, data ikiwa imezimwa kwenye kila simu iliyo karibu, kabla shilingi haijatoka. Kifaa kikishindwa mbele ya kaunta, hata sebuleni kitashindwa. Kikiweza, aulize bei.