Ng'oa Hizo Rimu

Binamu yangu amemaliza miaka mitatu akifufua Datsun 1600 SSS aliyoachiwa na marehemu mjomba. Bodi imenyooshwa hadi ukipitisha kiganja husikii bonde. Rangi nyekundu, boneti nyeusi, kama zile za timu ya Safari Rally. Injini inakohoa mara moja tu kisha inatulia. Halafu, manze, akaifunga rimu za inchi 17 zinazong'aa kama sufuria za harusi.

Nilimwambia amekosea. Akaniita mzee kabla ya wakati. Basi acha niseme mbele ya watu.

Sipingi kubadilisha gari. Wale wanaotaka kila nati iwe ya kiwandani, wanaozunguka na kalamu kwenye maonyesho wakitafuta dosari, wabaki na gari zao. Mjomba mwenyewe hakuiacha Datsun ilivyotoka dukani: aliongeza taa mbele, akabadilisha usukani, akapandisha springi. Lakini hata mabadiliko yana umri. Kabla ya kununua rimu, jiulize kama fundi wa Nairobi wa miaka ya sabini angekuwa nazo gerejini.

Na asiniambie mtu kwamba hapo hakuna uchaguzi. Kuna chuma cha inchi 13, ndicho gari lilichozaliwa nacho. Kuna chuma hichohicho kilichokatwa na kuchomelewa ukanda katikati kiwe kipana, kazi ambayo mchomeleaji mzuri wa jua kali anaiweza. Ukitaka mbwembwe, kuna muundo wa spoku nane wa Minilite ya Uingereza au Watanabe ya Japani. Rimu hizo zilifungwa kwenye gari za mashindano enzi hizohizo, na hukosi zenye nati nne, inchi 13 au 14.

Fundi aliyemuuzia alimpigia hesabu: 165/80 ya inchi 13 na 205/40 ya inchi 17 zina kimo kimoja, karibu milimita 595. Ni kweli. Hakumwambia kwamba ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 132 hadi 82. Sentimita tano za mpira zimeyeyuka, na hizo ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo. Wiki ya tatu tu, shimo moja la Jogoo Road likapasua rimu ya mbele kushoto. Chuma kingepinda, ukakigonga nyundo ukaendelea na safari. Aloi ikipasuka, buda, unaita breki-dauni.

Hata ingekuwa lami tupu, bado ningelalamika. Matao ya bodi ile yalichorwa kuzunguka gurudumu dogo lenye mpira mnene. Sasa gari linafanana na babu aliyevishwa raba za mjukuu, na watu kwenye kituo cha petroli wanapiga picha rimu. Gari hawalioni. Gari aina hiyo ndilo Edgar Herrmann aliloshindia Safari ya 1970! Mwaka uliofuata akashinda tena, kwa Datsun 240Z. Mjomba alikopa pesa kwa sababu ya habari kama hizo.

Hoja ya mwisho ya binamu ndiyo inayoniuma: eti baba yake angekuwa hai angezipenda. Labda. Mimi ninayo picha yake amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, matope hadi viwikoni, rimu ya chuma imepinda ukingoni, na anacheka. Binamu anasema anamkumbuka baba yake. Naona kama anamrekebisha.

Wiki jana nilipata rimu nne za chuma Kirinyaga Road, zina kutu lakini hazijayumba. Nimeanza kuzipiga msasa kwenye baraza, jirani analalamika vumbi. Binamu hajapokea simu yangu. Ya tatu imebaki nusu.