Mafuta Machakavu Yapewe Bei
Hapa Kayole, mafuta ya kukaangia chipsi huchemshwa tena na tena hadi yawe meusi, kisha humwagwa mtaroni. Mlaji hudhurika, nao mtaro huziba. Naamini dawa ni kuyapa bei.

Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata leo gari la dizeli laweza kutumia mafuta yaliyokwisha kukaangia, mradi yachujwe, yaondolewe maji, na yapashwe moto yapungue uzito. La sivyo yataharibu pampu.

Walimu wa sayansi, lifanyeni hili somo. Muuza chipsi akilipwa kwa mafuta machakavu, hatashawishika kutukaangia nayo wiki nzima.