Je, Kusomea Misitu ni Kupoteza Elimu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo lililonitia katika mabishano na wenzangu bwenini, na pia na mjomba wangu nyumbani. Sisi wa kidato cha nne tumekwisha kuulizwa tahasusi tunazopenda kusoma kidato cha tano. Mimi niliandika Kemia, Biolojia na Jiografia. Wenzangu waliponiuliza sababu, nikajibu kwamba nataka nifike chuo kikuu nikapate shahada ya maliasili na uhifadhi, hasa ya misitu. Bweni zima likacheka. Mmoja akasema, "Kumbe wataka kusoma miaka yote hiyo ili ukawe mlinzi wa miti!" Mwingine akaongeza kwamba miti haikimbii, kwa hiyo haina haja ya mlinzi mwenye shahada.

Nilicheka pamoja nao, maana mzaha ule ulikuwa mzuri. Lakini usiku, taa zilipozimwa, niliona kwamba sina jibu la kutosha. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na leo naliweka mbele yenu mlipime.

Yafaa nianze na elimu yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoicheka hawaijui. Katika nchi yetu shahada ya misitu hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Masomo hayo yalianza pale mwaka 1973, wakati mahali hapo palikuwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 pakawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la hayati Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo. Apendaye wanyama wa porini aweza kwenda Chuo cha Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1963. Naye asiyepata nafasi ya kidato cha tano asikate tamaa. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, karibu na Arusha, hufundisha cheti na stashahada, na mwenye stashahada nzuri aweza kuomba kuingia chuo kikuu. Tena hata huku kwetu kusini magharibi elimu imeanza kusogea, maana Chuo cha Sokoine kina kampasi mkoani Katavi, kwa jirani zetu.

Je, mwanafunzi wa misitu hufundishwa nini? Hafundishwi kusimama chini ya mti na rungu mkononi. Jambo kubwa afundishwalo ni kupima. Hupima unene wa mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, wala si mahali popote apendapo, ili mti uliopimwa Ufipa uweze kulinganishwa na mti uliopimwa Usambara au hata Ulaya. Kwa unene huo na urefu wa mti hukadiria kiasi cha mbao kilichomo. Akirudi baada ya miaka akapima tena, atajua msitu umekua kiasi gani, na kwa hiyo atajua ni kiasi gani kinaweza kukatwa bila kuumaliza. Pamoja na hayo hujifunza udongo, maji, wadudu, takwimu na sheria za nchi. Mwenye kusema kwamba hiyo ni kazi ya mlinzi, na ajaribu kwanza mtihani mmoja wa takwimu.

Sasa tuitazame nchi yetu ya Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila aliyepanga mstari asubuhi ya mwezi wa Juni bila sweta anajua maana ya kimo hicho. Uwanda wetu ni nchi ya majani zaidi kuliko miti. Misitu ya asili iliyosalia juu huku ni michache, na mmojawapo ni ule wa milima ya Mbizi, wenye mbega wekundu na vijito vinavyoshuka pande zote. Upande wa mashariki nchi huporomoka kwa ghafula mpaka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, lililo chini yetu kwa karibu mita 1,000.

Ziwa hilo ni tofauti na Ziwa Tanganyika. Maji ya Tanganyika hupata njia ya kutokea kwa mto Lukuga mpaka Kongo. Ziwa Rukwa halina mto utokao. Kina chake ni kifupi, na kila kitu kiletwacho na mito hubaki humo. Udongo wa mteremko uliokatwa miti ukichukuliwa na mvua kwenda Rukwa, hauna mahali pengine pa kwenda. Kosa la mtu wa juu huwekwa akiba katika ziwa la mtu wa chini. Ndiyo maana nasema kwamba nchi yetu, kuliko nyingine nyingi, inahitaji watu wenye elimu ya mambo haya.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika fikira zangu, na nilijiona nimeshinda hoja, mpaka siku ya wazazi kutembelea shule. Mjomba wangu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuja. Sina haja ya kuficha kwamba mjomba ni mchoma mkaa. Anashuka kwenye miombo ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, anakaa huko siku nyingi, anapanda na magunia. Godoro ninalolalia, sare niliyovaa na nauli iliyonileta shuleni vyote vimetoka katika magunia hayo. Serikali imefuta ada ya shule zake, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, nasi tunashukuru. Lakini godoro halikufutwa, wala nauli haikufutwa.

Mwaka juzi magunia yake kumi na moja yalikamatwa njiani kwa kukosa kibali, na mimi nikachelewa kufika shuleni kwa majuma mawili. Bwana misitu aliyeyakamata hakumtukana wala hakumpiga. Alitimiza wajibu wake. Ila neno alilomwambia lilikuwa moja tu, "Marufuku." Hakumwambia mkaa waweza kuchomwa wapi, kwa kiasi gani, wala kwa njia ipi.

Basi nilipomweleza mjomba kwamba nataka shahada ya misitu, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe nakusomesha ili uje unikamate." Nikamwambia kwamba sivyo, ila msitu ukiisha sote tutaangamia. Akaniuliza, "Haya, nikiacha mkaa kesho, kidato cha tano utakwendaje?" Sikuwa na jibu. Tulikula wali alioniletea, tukaagana kwa heshima, lakini lile swali alinaiachia mimi.

Ndugu wasomaji, kwa muda wa juma zima niliona aibu, nikadhani heri niandike tahasusi nyingine. Baadaye nilifahamu kwamba swali la mjomba ndilo swali lenyewe la shahada ile. Mtu yeyote aweza kusema "marufuku" bila kukanyaga chuo kikuu. Lakini kumjibu mjomba wangu kwa haki kunahitaji elimu.

Nitatoa mfano wa nchi yetu wenyewe. Katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kuanzia mwaka 2012 vijiji kadha vilianza kuchoma mkaa kwa mpango, vikisaidiwa na wataalamu. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vipande vya mita 50 kwa mita 50, kama ubao wa bao la dama. Kipande kimoja kikikatwa, jirani zake huachwa. Kipande kilichokatwa hupumzishwa miaka 24, na visiki vyake huchipua vyenyewe, maana miti mingi ya miombo haifi kwa kukatwa shina mara moja. Vyanzo vya maji na miteremko mikali haviguswi. Kijiji hutoza ushuru wake, na fedha hiyo imesaidia kujenga madarasa na kazi nyingine za maendeleo. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuutunza chenyewe.

Tazama pia tanuri. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za mkaa. Zilizobaki huwa moshi na majivu. Tanuri lililopangwa vizuri na kuwekwa bomba la moshi hutoa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mjomba angeweza kupata magunia yale yale kwa miti michache zaidi. Nani atamfundisha? Ni yule aliyejua kupima kuni kabla ya kuwasha moto na kupima mkaa baada ya kuuzima. Huyo ndiye bwana misitu nitakaye kuwa.

Lakini nawaonya pia wale watakaofuatana nami, tusije tukarudi kutoka Morogoro tukadhani kwamba elimu ilizaliwa siku tuliyovikwa joho. Wazee wetu Wafipa walikuwa na hifadhi yao. Wakati baadhi ya jirani zetu walipokuwa wakikata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba, Wafipa wa uwandani, kwa kuwa miti ni haba, walilima intumba. Mvua inapokaribia kwisha, majani hulimwa pamoja na udongo wake na kufunikwa katika matuta ya mviringo. Majani huoza ndani, na juu yake hupandwa maharage. Msimu ufuatao matuta hubomolewa, rutuba husambazwa, ndipo nafaka hupandwa. Bibi yangu hakujua neno "mboji" la kwenye vitabu, lakini aliitengeneza kila mwaka. Shahada isiyomheshimu bibi huyo itakuwa na upofu wa jicho moja.

Nasikia wengine wakiniambia, "Hayo yote ni mazuri, lakini kazi ziko wapi?" Ni kweli kwamba wahitimu ni wengi kuliko nafasi za Serikali, na mwenye kuahidi kwamba shahada ni hundi ya mshahara anawadanganya vijana. Ila mambo hayo hayapo katika misitu peke yake. Walimu nao wanangoja, na wahasibu wanangoja. Tofauti niionayo ni hii: aliyejifunza miti, nyuki, udongo na maji akirudi kijijini bila ajira, bado anacho cha kufanya kesho yake asubuhi. Hayati Wangari Maathai wa Kenya alipata shahada yake ya kwanza ya biolojia huko Marekani mwaka 1964, na baadaye akawa daktari wa elimu. Usomi huo haukumzuia kushika miche na wanawake wa vijijini kuanzia mwaka 1977, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, wavulana kwa wasichana, msichague tahasusi kwa kuogopa kicheko cha bwenini. Biolojia, Kemia na Jiografia si masomo ya watu waliokosa mengine. Nawaomba wazazi wetu wasione kwamba mtoto anayetaka misitu amepoteza akili, wala kwamba amewageuka. Na wale wenye madaraka ya misitu katika mkoa wetu nawaomba kwa adabu, kila wanapokuja kijijini na neno "hapana", waje pia na neno la pili, la kueleza njia iliyo halali.

Na wewe, mjomba, iwapo gazeti hili litakufikia, haya ndiyo majibu niliyoshindwa kukupa siku ile. Usiache mkaa kesho. Sina cha kukulipa badala yake. Ila omba kibali, acha visiki vichipue, usikate kando ya kijito, na univumilie miaka michache. Sitaki shahada ili nije nikukamate. Naitaka ili nije nikae nawe kule mteremkoni na utepe wa kupimia, tuhesabu pamoja.

Wazee husema kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Walimwamuru kila aingiaye aache nje yale yanayodhuru wenziwe. Basi nasi tunaosoma hapa tutupe na dharau hii, ya kudhani kwamba elimu ya ardhi inayotulisha ni elimu ya watu wa chini.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne