Saumu isiyougusa ulimi ni njaa tupu

Kila uandamapo mwezi wa Ramadhani, Waislamu huulizana maswali yale yale: mwezi umeonekana wapi, magharibi itaadhiniwa saa ngapi, na tende zimepanda bei kiasi gani. Ni maswali ya haki, wala simlaumu ayaulizaye. Lakini liko swali moja ambalo aghalabu hatuulizani, nalo ndilo zito kuliko yote: mwezi huu utakapokwisha, nitakuwa mtu wa namna gani?

Nalileta swali hili mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2004 watakumbuka kwamba wengi wao waliufanya huku wamefunga. Katika miaka hii ya karibuni mwezi huo umekuwa ukiangukia muhula wa kwanza, wakati ambapo darasa limejaa na kazi ni nyingi. Saumu yetu, basi, haikai msikitini na nyumbani peke yake. Inaingia darasani pamoja nasi, na watoto wa watu wanaitazama.

Naandika haya nikiwa Ngoingwa, mtaa ulio kando ya mji wa Thika, ambako Waislamu ni wachache. Hapa si Lamu, mji wenye misikiti zaidi ya ishirini, ambapo mchana wa Ramadhani hata njia huonekana zimefunga. Hapa mandazi hukaangwa asubuhi kama kawaida, na mahindi huchomwa kando ya barabara alasiri. Mfungaji wa hapa hana mji mzima unaofunga pamoja naye. Wako wanaolihesabu jambo hilo kuwa dhiki. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka siku moja nilipopata funzo ambalo sitalisahau.

Ilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimefunga, koo limekauka, na kichwa kinaniuma kwa kukosa chai. Nilipogeuka kutoka ubaoni nilimwona msichana mmoja, ambaye si Mwislamu, akitafuna andazi kwa siri chini ya dawati. Nilimfokea kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwita asiye na adabu, nikamwuliza kama haoni kuwa watu wako katika mwezi mtukufu. Darasa lilinyamaza. Msichana yule aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, mwalimu. Sijala tangu jana mchana."

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mimi siku ile sikuwa na shibe. Nilikuwa na njaa, na bado sikumjua mwenye njaa. Njaa yangu ilikuwa na saa yake ya kukoma. Nilijua kwamba jua likichwa, uji, tende na sambusa viko mezani. Njaa yake haikuwa na adhana. Kama kukaa na njaa kwangu kulikuwa na faida yoyote, faida hiyo ilikuwa ni kumtambua mtu kama yule, nami nilishindwa na mtihani huo kabla ya adhuhuri.

Kurani Tukufu, ilipofaradhisha saumu katika mwaka wa pili wa Hijra, ilitaja lengo lake waziwazi, nalo ni kumcha Mwenyezi Mungu. Njaa na kiu hazikutajwa kuwa ndizo shabaha; hizo ni njia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba Mungu hana haja na mtu kuacha chakula na kinywaji chake ikiwa hakuacha maneno ya uongo na matendo yake. Alifundisha pia kwamba mfungaji akitukanwa asijibu matusi, bali aseme kuwa yeye amefunga. Nami sikutukanwa na mtu. Niliyeanza ni mimi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa saumu katika daraja tatu. Ya kwanza ni saumu ya watu wote, ambayo ni kulizuia tumbo na matamanio ya mwili. Ya pili ni saumu ya wateule, ambayo ni kuvizuia pia jicho, sikio, ulimi, mkono na mguu visitende dhambi. Ya tatu ni saumu ya moyo, usishughulike na chochote kisichokuwa Mola. Wengi wetu twasimama katika daraja ya kwanza mwaka baada ya mwaka, kama mwanafunzi anayerudia darasa lile lile bila ya kuona haya.

Ghazali huyu alikuwa mwalimu kama sisi. Alifundisha katika chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wapatao 300. Mwaka 1095 alijichunguza, akaona kwamba ufundishaji wake ulisukumwa na kutaka cheo na sifa. Fadhaa ilimpata hata ulimi wake ukashindwa kutoa somo, naye akaiacha kazi ile na kuondoka mjini. Sisemi kwamba mwalimu wa Thika au Ruiru aache kazi; watoto watafundishwa na nani? Nasema ajichunguze. Sisi walimu kutwa twasahihisha madaftari ya watu kwa kalamu nyekundu. Je, daftari la nafsi zetu limesahihishwa lini?

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mawalii, na kwamba mtu wa kawaida akizuia tumbo lake kutoka alfajiri hadi magharibi amekwisha timiza wajibu. Kwa hukumu ya sheria, hawakukosea: faradhi imeanguka. Lakini mkulima aliyepalilia shamba zima akasahau kupanda, naye pia amefanya kazi. Isitoshe, sisi tulio karibu na Ikweta tumepewa saumu nyepesi kwa saa. Mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima, nasi hufunga kwa kiasi cha saa 13 na nusu. Ndugu zetu walioko Uingereza, Ramadhani ikiangukia Juni, hufunga zaidi ya saa 16. Tuliopunguziwa uzito wa tumbo tuna udhuru gani wa kuushindwa ulimi?

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Hasira ya mchana wa Ramadhani isitafutiwe jina la heshima. Fimbo imekatazwa na sheria katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, lakini ulimi hupiga pasipo kuacha alama ya kuonekana. Mwalimu akiona hasira imempanda, anyamaze kidogo kabla ya kusema. Kunyamaza huko ndiko kufunga kwenyewe.

Nanyi wanafunzi, msiifanye saumu kuwa ruhusa ya kusinzia darasani. Mkesha wa kuangalia simu hadi wakati wa daku si ibada, na usingizi unaofuata hauna thawabu. Amri ya kwanza kumfikia Mtume ilikuwa amri ya kusoma, na Kurani yenyewe yatueleza kwamba iliteremshwa katika mwezi huu. Kurani ina juzuu 30, na mwezi hauzidi siku 30; asiyeweza juzuu moja kwa siku na asome kurasa chache kwa kuzielewa. Na kila usiku kabla ya kulala ajiulize mambo matatu: nimesema uongo leo? Nimemvunja mtu moyo? Nimemsaidia nani?

Liko na jambo la vitendo. Mwalimu au mwanafunzi anayefunga hali chakula cha mchana. Basi chakula kile, au thamani yake, kisigeuzwe kuwa akiba ya nguo za Idi. Apewe mtoto asiyekuwa nacho, awe wa dini yoyote, tena apewe kwa siri asiaibike. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne hujaza pishi, ambayo ndiyo kadiri ya zaka ya fitri tunayotoa kwa kila mtu wa nyumbani kabla ya sala ya Idi. Tusingoje siku ile moja ndipo tumkumbuke maskini.

Hapo ndipo nilipoiona neema ya kufunga Ngoingwa. Majirani zetu Wakristo nao wana Kwaresima yao, na mnamo Februari 2026 mifungo hii miwili ilianza katika juma moja. Hawazijui sharti za saumu yetu, lakini wanaona kama Ramadhani imetufanya wapole au wakali. Wao ni mashahidi wetu, tupende tusipende.

Msichana yule nilimwomba radhi asubuhi iliyofuata, mbele ya darasa lile lile lililosikia nikimfokea. Nakiri kwamba maneno yale machache yalikuwa magumu kwangu kuliko saumu ya mwezi mzima. Lakini nadhani siku ile ndiyo siku yangu ya kwanza kufunga.

Mwezi wa Shawali utakapoandama, tumbo litarudia chakula chake, na hakuna ubaya. Ulimi usirudie matusi yake. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na atujalie tutoke ndani yake tukiwa bora kuliko tulivyoingia.