Handball: tuwafundishe kushuka mbele ya kuwaambia waruke

Hapa kwetu Lubumbashi, sawa vile Bukavu, Goma ao Kisangani, handball inachezwa zaidi kwenye viwanja vya masomo. Kiwanja ni simenti, magoli ni ya chuma, na mara mingi hata nyavu hakuna. Juu ya ile simenti watoto wetu wanaruka, wanapiga, wanashuka, siku kwa siku. Na siku hizi kuko kitu kipya: maantrenere wengi wamegundua mazoezi ya kuruka-ruka yenye kuitwa pliometria. Wanaona video kwenye telefone, na kesho yake wanapanga mapine, viti na mabenchi ya darasa, kisha wanapiga filimbi.

Sisi tunasema wazi: mazoezi haya ni mazuri, na inchi yetu iko na lazima nayo. Lakini namna wengi wako wanayafanya, yatatuletea vilema mbele ya kutuletea vikombe.

Tuanze na uzuri wake. Musuli wa mutu ni sawa mupira wa manati. Ukiuvuta kidogo na kuuachilia palepale, unarudisha nguvu yote. Ukiuvuta na kukawia, nguvu inapotea. Muchezaji anaposhuka chini na kuruka tena bila kukawia, musuli na mishipa ya kisigino vinafanya kazi ile ile. Pliometria inafundisha mwili kutumia ile nafasi fupi sana kati ya kushuka na kupanda. Yuri Verkhoshansky, antrenere wa Urusi ya zamani, njo alieneza mazoezi ya namna hii kwa wanariadha wake katika miaka ya 1960. Jina la pliometria lilitolewa na antrenere mumoja wa Marekani, Fred Wilt, katika mwaka wa 1975. Kwa hiyo si mambo ya jana.

Handball inayahitaji kuliko michezo mingine mingi. Kiwanja ni meta 40 kwa 20, na ndani yake mutu anakimbia, anasimama gafula, anageuka, anaruka mbele ya mustari wa meta 6 na kupiga mupira akiwa hewani. Mwenye kupanda juu kidogo kuliko mwenye kumuzuia, huyo njo anaona goli. Watafiti wa Tunisia walichapisha katika mwaka wa 2014 kazi yao juu ya vijana wenye kucheza handball ya juu: juma 8 katikati ya msimu, mara mbili kwa juma, mazoezi ya kuruka pamoja na mazoezi ya mikono. Vijana wale waliruka juu zaidi, wakakimbia mbio zaidi, na hata mupira wao ukaenda kwa nguvu zaidi.

Katika mwaka ule ule wa 2014, wanawake wetu walifika kwenye fainali ya Afrika kule Algiers, na ni Tunisia yenyewe iliyobeba kombe. Hatusemi ni juu ya kuruka tu. Tunasema wenzetu wanafanya kazi kwa kupima na kuandika, na sisi tunafanya kwa kubahatisha. Katika 2021 wanaume wetu walienda mara ya kwanza kwenye kombe la dunia, kule Misri, na wachezaji wengi wa ile ekipe walikuwa wanacheza Ulaya. Katika 2024 Kinshasa ilipokea kombe la Afrika la wanawake, na jirani yetu Angola akaenda nalo. Kipaji kwetu kiko. Kile kinapunguka ni kazi ya chini, kwa watoto wa miaka 13, 14, 15.

Na hapo njo shida inaanza. Mutoto anaambiwa kuruka kutoka juu ya ukuta mara makumi na makumi, kwenye simenti, na viatu vyenye soli imekwisha, nyuma ya mechi, wakati miguu imechoka. Hakuna mwenye kuhesabu. Hakuna mwenye kuangalia magoti. Anaposhuka, magoti yanaingia ndani, moja linagusana na lingine, na antrenere anasema "encore!" Lakini goti lenye kuingia ndani namna ile njo mulango wa ajali kubwa: kukatika kwa ile mishipa ya ndani ya goti, yenye wachezaji wanaita "croisés". Wasichana wako katika hatari kuliko wavulana, mara mbili ao zaidi. Ulaya, muchezaji anapasuliwa, anafanya mazoezi na mutaalamu, na nyuma ya miezi 9 ao zaidi anarudi. Kwetu, jamaa nyingi hazina franga za kupasua goti. Mutoto anapelekwa kwa munganga wa kukanda, goti linavimba, linashuka, na handball yake imekwisha hapo. Wakati mwingine hata kubeba maji kwa kichwa inakuwa shida.

Wazee wa mchezo watatujibu: sisi tulicheza bila hizo mambo zenu, na tulifika. Ni kweli. Lakini wale wenye walivunjika kwa njia, nani aliwahesabu? Tunawaona wale waliofika tu.

Wengine watasema: mutoto hajakula tangu asubui, na nyinyi munaleta pliometria? Na wao wako na haki. Kuruka hakuwezi kuchukua nafasi ya chakula. Kwa hiyo hatuombi kazi ingine juu ya ile yenye iko. Tunaomba kupunguza: kuruka mara kidogo, lakini vizuri.

Kwa kweli, dawa haina bei kubwa. Kule Norvège, watafiti walifuata vijana zaidi ya 1.800 wenye kucheza handball, wa miaka 15 mpaka 17. Nusu yao walifanya mazoezi ya kupasha mwili yenye kufundisha namna ya kusimama, kugeuka na kushuka. Majeraha ya goti na ya kifundo cha muguu yalipunguka karibu nusu. Hiyo kazi ilitoka katika mwaka wa 2005. Kufundisha kushuka hakuombi mashini wala uwanja wa kifalme.

Tunapendekeza hivi. Kwanza, mutoto ajifunze kushuka: kwa vidole kwanza na kisha kisigino, magoti yakunjwe, yaelekee mbele sawa na vidole, na asifanye kelele. Mwenye kushuka na kishindo, arudie kutoka chini zaidi. Pili, tuache simenti kwa mazoezi haya. Pembeni ya kila masomo kuko udongo ao majani. Huko njo mahali pake. Tatu, tuhesabu. Kwa mwenye kuanza, kugusa chini mara 80 mpaka 100 kwa siku ya mazoezi kunatosha, na kwa mutoto mudogo hata nusu yake. Nne, siku mbili za kupumuzika kati ya mazoezi, na kamwe si nyuma ya mechi. Tano, ukuta tuuache. Kitu cha santimeta 30 kinatosha kwa miaka mingi.

Kwa federasyo na kwa lige za majimbo tuna neno moja. Kila msimu munagawa mipira na majezi, na tunashukuru. Lakini antrenere wa masomo, mwenye kushika watoto 40 peke yake na bila mushahara, nani anamufundisha? Siku mbili za mafunzo kwa jimbo, na daktari mumoja wa mifupa aje kuonyesha goti ni kitu gani, zinaweza kuokoa magoti mengi. Hii haiombi kungoja Kinshasa. Hata wakubwa wa masomo wanaweza kukutana na kuipanga.

Na nyinyi wazazi, musiogope kuuliza. Mutoto akirudi nyumbani anachechemea, musimupige makofi ya pongezi kwamba amefanya kazi. Mwende kwa antrenere na mumuulize: leo ameruka mara ngapi, na juu ya nini? Antrenere mwenye kujua kazi yake atawajibu bila kukasirika.