Enjili katika Bahari ya Utenzi

Wanaoandika juu ya Mwalimu Nyerere kama mtu wa fasihi hukimbilia tafsiri zake za Shakespeare: *Julius Caezar* ya 1963, *Mabepari wa Venisi* ya 1969. Kazi yake iliyozishinda hizo kwa urefu, na nadhani kwa jasho pia, hutajwa kwa nadra. Ni *Utenzi wa Enjili* uliotolewa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho: vitabu vitano, Enjili nne pamoja na Matendo ya Mitume. Wahakiki wameuachia kanisa. Toleo hili la jarida letu linaudai kwa ajili ya fasihi.

Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akafundisha katika shule za Wakatoliki Tabora na Pugu, na hata alipokuwa Ikulu hakuacha misa. Alipotaka kuisimulia Enjili kwa Kiswahili alichukua umbo lililolelewa na Waislamu wa pwani. *Utenzi wa Tambuka*, wa 1728, husimulia vita vya majeshi ya Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Mtunzi wa utenzi kwa desturi huanza kwa jina la Mungu, kisha humswalia Mtume. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kisichobadilika tangu mwanzo hadi tamati. Jaribu kuutia humo ukoo wa Yesu kama ulivyo kwa Mathayo, majina matupu yaliyofuatana, uone kama si adhabu.

Hakuwa wa kwanza. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na gwiji wa ngonjera, alikwisha kutoa *Utenzi wa Enjili Takatifu* mwaka 1963. Na njia hii kati ya dini mbili haikuwa ya upande mmoja. W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana, alifika Mombasa kuhubiri, akaishia pia kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Muislamu akikumbuka, Mkristo akiandika: bila wawili hao sehemu kubwa ya Muyaka tungeikosa leo. Kwa hiyo anayetaka kupima athari za Ukristo katika fasihi yetu asiutafute peke yake, kwani hautaonekana. Uliingia nyumba iliyokwisha jengwa, ukakaribishwa.

Hatukuwaomba waandishi wetu wamtakatifuze Mwalimu Nyerere. Hiyo ni kazi ya jimbo la Musoma na Roma. Wala hatudai kwamba Ujamaa ulitoka altareni, ingawa hotuba yake ya 1970 kwa masista wa Maryknoll, aliyoitumia kulitaka Kanisa lisimame na maskini dhidi ya mifumo inayowadhalilisha, ingali inawasumbua wanaotaka kuitenga imani yake na siasa zake.

Swali gumu ni la sanaa. Je, utenzi wake ni ushairi mzuri? Mahali pengi, kwangu, hapana. Mtunzi wa *Tambuka* aliweza kuongeza farasi na panga apendavyo; aliyefungwa na Maandiko hana ruhusa hiyo, na kina humlazimisha kupinda sentensi hadi ikalalamika. Lakini Mnyampala alikabili kikwazo hichohicho miaka 33 kabla, na hakukivuka kwa namna ileile. Makala yetu ya kwanza inawasoma wawili hao ubeti kwa ubeti, ikianzia Hotuba ya Mlimani.